Fomu Niijaze Mwenyewe

Kijana wa steshenari anajua neno langu la siri. Anajua namba yangu ya NIDA, daraja nililopata kidato cha nne, majina ya wadhamini wangu, na mshahara niliotaja pale fomu ilipouliza nataka nilipwe kiasi gani. Ni kijana mwenye adabu, ananiita dada, hajawahi kunifanyia ubaya wowote. Lakini hakuna anayeona ambaye angekubali kuomba kazi kwa mtindo huo: unasomewa maswali kwa sauti, unayajibu kwa sauti, na nyuma yako kuna foleni ya watu waliokuja kutoa kopi. "Dada, hapa wameuliza kama una ulemavu. Niweke ndiyo?" Duka zima linanyamaza kusubiri jibu langu.

Hapa Tabora nimeomba kazi kwa njia hiyo kwa miaka kadhaa, na nimewasikia watu wengi wenye nia njema wakisema kwamba asiyeona akishapata mtu wa kumjazia fomu, mambo yamekwisha. Mimi naona kinyume. Yule msaidizi ndiye anayefunika ubovu. Fomu iliyonishinda kusoma inamfikia mwajiri ikiwa imejazwa yote. Mwajiri anaamini wenye ulemavu wanaomba kama wengine, na aliyeitengeneza hapati habari kwamba ilinishinda. Akipewa kazi ya kutengeneza nyingine, anaitengeneza vilevile.

Sioni tangu nikiwa mtoto mdogo. Nukta nundu nilijifunza Furaha, shule ya wasioona iliyopo hapa hapa Tabora. Kompyuta ilikuja ukubwani, nikiwa chuo. Natumia NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ilianza kutengenezwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye naye haoni, wakati programu nyingine za namna hiyo zilikuwa zinauzwa kwa bei ambayo wengi wetu hatuiwezi. Hii ni ya bure. Unaipakua kwa bando la kawaida, unaiweka kwenye laptopu ya mtumba, kazi inaendelea. Ina hata sauti ya Kiswahili, kavu kidogo, lakini inatamka. Nayasema haya kwa sababu mwajiri akisikia "teknolojia ya wasioona" anawaza mamilioni, na kabla hujamaliza kueleza ameshasema bajeti haipo. Upande wangu nimeshaugharamia mwenyewe: laptopu na hedifoni. Kilichobaki kiko mikononi mwa anayetengeneza fomu.

Nieleze kinachoingia masikioni mwangu. Mtu anayeona akifungua fomu anakuta maneno "Jina la baba" na kisanduku pembeni yake. Jicho ndilo linaloviunganisha. NVDA haina jicho. Inasoma jinsi ukurasa ulivyoandikwa kwa ndani, na kama mtengenezaji hakuyafunga yale maneno kwenye kile kisanduku, mimi naambiwa tu kwamba hapa pana nafasi ya kuandika na ni tupu. Nabonyeza Tab. Nafasi ya kuandika, tupu. Tab tena. Nafasi ya kuandika, tupu. Ukurasa mzima unakwenda hivyo, nami nabahatisha: hii ya kwanza huenda ni jina langu, ya pili la baba, ya tatu ni la ukoo au ni simu? Kulifunga neno na kisanduku chake ni kipande kifupi cha msimbo. Kwa fomu ya kurasa mbili, mtu anayeijua kazi yake anamaliza kabla ya chai ya saa nne.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mambo yake. Fomu nyingi hazikubali uiandike. Zinakufungulia kalenda ndogo ya kubofya kwa mausi, inayoanzia mwezi huu tulio nao, urudi nyuma mwezi mmoja mmoja hadi ufike ulikozaliwa. Mimi situmii mausi, natumia kibodi peke yake, na nyingi ya kalenda hizo hazishikiki kwa kibodi. Mwenye mikono inayotetemeka anakwama papo hapo nilipokwama mimi, ingawa anaona vizuri kabisa. Nafasi tatu za kuandika siku, mwezi na mwaka zingetosha.

Halafu zinakuja picha. Thibitisha kwamba wewe si roboti, chagua picha zote zenye taa za barabarani. Mifumo mingine inakupa njia ya kusikiliza badala ya kuangalia, ila sauti yenyewe imechanganywa na kelele kusudi roboti asiielewe, na mara nyingi ni ya Kiingereza. Asiyeona ambaye pia hasikii vizuri hana pa kupita kabisa. Hapo ndipo mara nyingi nilifunga laptopu nikaita bodaboda inipeleke mjini.

Ukivuka hapo unakutana na muda. Umefika katikati ya fomu, mfumo unakutoa nje kwa sababu umekaa sana, na ulichoandika kimepotea. Mimi nasikiliza ukurasa wote ndipo nijue pa kuanzia, kwa hiyo dakika zangu haziwezi kulingana na za mtu anayetupa jicho mara moja akauona wote. Siku nilipoanza kuisoma miongozo ya kimataifa ya tovuti, ile inayoitwa WCAG, nilikuta jambo hili limeshazungumzwa humo. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya tovuti duniani, lilitoa toleo la kwanza mwaka 1999, na toleo la 2.2 likatoka mwaka 2023. Kuhusu muda, njia mojawapo wanayoitaja ni kwamba mtu aonywe kabla muda haujaisha, apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi kama kubonyeza kitufe, na aweze kuuongeza angalau mara 10. Visanduku visivyo na majina vimo. Kalenda zisizoshikika kwa kibodi zimo. Kosa linaloonyeshwa kwa rangi nyekundu peke yake, bila neno, limo. Nilisoma usiku ule nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja. Kila kilichokuwa kinanitoa jasho hapa Tabora, watu walishakaa wakakipatia dawa, wakaiandika, wakaiweka wazi mtu yeyote aisome bure.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa Kiswahili zaidi ya wengine, na sijasikia likisemwa vya kutosha. Kila ukurasa wa tovuti unatakiwa kutaja kwa ndani umeandikwa kwa lugha gani. Watengenezaji wetu wengi wanachukua kiolezo cha Kiingereza, wanabadilisha maneno yanayoonekana, ile alama ya ndani wanaiacha kama ilivyokuja. Programu yangu inaiamini alama. Inabadilisha sauti na kuanza kusoma "Maelezo ya mwombaji" kwa matamshi ya Kiingereza, vokali zote zimevurugika, na nalazimika kurudia neno moja moja, herufi kwa herufi. Kuiondoa hitilafu hiyo ni kubadili herufi mbili: panapoandikwa en, paandikwe sw.

Matangazo ya kazi yenyewe ni kilio kingine. Barua imechapwa, ikagongwa muhuri, ikaskaniwa, ikasambazwa kama picha. Muhuri unaonekana vizuri. Mimi nasikia tu kwamba kuna picha. NVDA ina namna ya kujaribu kuyatambua maandishi yaliyo ndani ya picha, na imeniokoa mara nyingi, lakini karatasi ikiwa imeskaniwa kiupandeupande tarehe ya mwisho inaweza kutoka imeharibika. Barua hiyo ilichapwa kwenye kompyuta kabla haijawa picha. Maandishi yake yapo. Yangeweza kubandikwa chini ya picha bila kumpunguzia mtu kitu.

Rafiki yangu mmoja ni kiziwi. Ana cheti cha uhasibu na kwa sasa anashona nguo. Sisi wawili tunaongea kwa WhatsApp: yeye anaandika, simu yangu inanisomea, mimi nikijibu kwa maandishi, anasoma. Watu wanatuuliza tunaelewanaje, na jibu ni hilo, simu mbili za kawaida. Fomu za kazi hazimsumbui hata kidogo, anazijaza haraka kuliko mimi. Kinachomkwamisha ni ile sehemu ya namba ya simu. Anaiandika, wanaipenda sivii yake, wanampigia. Simu inatetemeka mkononi, namba ngeni. Anawatumia ujumbe: mimi ni kiziwi, naomba mniandikie. Kimya. Aliyempigia alikuwa na orodha ya majina, asiyepokea anamruka, anakwenda kwa anayefuata. Imemtokea zaidi ya mara moja, na kila ikitokea ananiandikia sentensi moja tu: "Wamepiga tena."

Sheria tunayo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 9 kinazungumzia ufikivu, pamoja na wa habari na mawasiliano, na cha 27 kinazungumzia kazi. Nikiyataja haya kwenye vikao, jibu ninalolipata mara nyingi ni mkopo. "Mbona hamwombi ule wa halmashauri, ile asilimia 2 yenu?" Wanaongelea asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kuwakopesha watu wenye ulemavu. Mkopo ni jambo jema, na ninawafahamu watu uliowasimamisha. Ila mimi nimesomea kazi ya ofisini na ninaipenda. Kutaka kuajiriwa si kukosa ubunifu.

Kazi niliyo nayo sasa niliipata kwa tangazo lililoandikwa kwa maandishi ya kawaida. Lilisema utume barua na sivii kwa barua pepe, na mwishoni lilikuwa na mstari huu: kama una ulemavu na unahitaji utaratibu wowote siku ya usaili, tuambie mapema. Hawakuuliza nina ulemavu gani. Waliuliza nahitaji nini, na hilo ni swali bora mno. Fomu nyingi zina swali la "Je, una ulemavu?", ndiyo au hapana, kisha hakuna kinachofuata. Unaandika ndiyo, unafika kwenye usaili, unapewa karatasi. Mimi niliwaandikia kwamba nitakuja na laptopu yangu, naomba mtihani uwe kwenye faili la Word, na niongezewe muda. Wakakubali kwa barua pepe ya mistari miwili. Niliufanya mtihani peke yangu, hedifoni sikioni, hakuna aliyenisomea wala kuniandikia. Majibu yalikuwa yangu, na makosa yaliyokuwemo yalikuwa yangu pia.

Ni shirika linalofanya kazi na vikundi vya wafugaji nyuki. Napokea simu kutoka Sikonge, Urambo na Uyui, nikisalimiwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi, hata saa tano, na naingiza kwenye kompyuta kilo za asali na nta za kila kikundi. Msimu wa kurina simu haiachi kulia. Watu walidhani sehemu ngumu ya kazi ingekuwa kutembea ofisini. Njia za ofisini nilizishika mapema. Ugumu ulikuwa kwenye majedwali.

Mama yetu wa hesabu ana mpangilio mzuri sana kwenye Excel. Kikundi kilicholipwa anakipaka kijani, chenye deni njano, chenye utata nyekundu. NVDA inaweza kuagizwa itaje rangi, lakini ukisikia "njano" kabla ya kila namba kichwa kinajaa kelele, na bado unapaswa kukumbuka njano maana yake nini. Nilimwendea nikamwambia: "Mama, naomba tuongeze safu moja, tuiite Hali, tuandike neno lenyewe." Alinyamaza kidogo, nadhani alihisi namharibia kazi yake. Nikamweleza kwamba rangi zibaki, sina ugomvi nazo. Akaongeza. Haikupita muda akagundua kwamba akichapa kwenye printa yetu, ambayo haina rangi, zile rangi zake zote zilikuwa zinatoka kijivu kimoja. Sasa neno linasomeka hata kwenye karatasi. Pia aliacha kuunganisha visanduku viwili vitatu kuwa kimoja kwa ajili ya kichwa cha jedwali, kwa sababu vikiunganishwa napoteza niko safu gani.

Mfumo wa kuingizia takwimu ulikuwa kazi kubwa zaidi. Ulitengenezwa na kijana wa Mwanza kwa mkataba. Vitufe vyake vyote ni michoro: kalamu ya kuhariri, kapu la kufuta, mshale wa kupakua. Hakuna hata kimoja kilichopewa jina kwa ndani. Nikibonyeza herufi B, ambayo kwenye NVDA inanirusha kutoka kitufe hadi kitufe, nasikia: kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kimojawapo kinafuta rekodi ya kikundi kizima, na sijui ni kipi. Kumwandikia barua ndefu ya malalamiko niliona haitasaidia. Nilirekodi kwa simu dakika moja ya sauti hiyo, nikamtumia, nikamwandikia: "Kaka, hivi ndivyo ninavyousikia mfumo wako. Naomba uniambie kipi kinafuta." Akajibu siku iliyofuata kwamba hakuwahi kujua vinasomeka hivyo. Wiki hiyohiyo vilikuwa na majina, na kile cha kufuta kinauliza kwanza kama una hakika. Tangu siku hiyo nawashauri wenzangu wote: tuma sauti. Mtengenezaji akisikia mwenyewe anaelewa bila mabishano.

Kundi la WhatsApp la ofisi nalo lilikuwa la picha tupu. Ratiba ya safari za vijijini, picha. Tangazo la kikao, picha ya karatasi iliyobandikwa mlangoni. Niliomba anayetuma aongeze mistari miwili ya maandishi chini yake. Wengine walizoea haraka, wengine bado nawakumbusha kila mara, na sichoki kuwakumbusha.

Mlangoni pana mashine ya alama za vidole ya kurekodi mahudhurio. Mimi haikunisumbua, inaongea. Mwenzangu anayetumia kiti mwendo hakuifikia, ilikuwa imefungwa kwa kimo cha mtu aliyesimama. Fundi akaishusha, shughuli ya asubuhi moja. Mzee anayepokea ndoo za asali ndiye aliyeteseka zaidi. Kazi za mikono zimezifuta alama za vidole vyake, mashine inamwambia ajaribu tena, anajaribu tena, foleni inarefuka nyuma yake, na mwisho wa mwezi anaonekana mtoro. Yeye hajawahi kujiita mtu mwenye ulemavu. Tukakubaliana awe na daftari la kusaini. Kwangu mimi pale ndipo mambo yote haya yalipokutana: simu ya rafiki yangu kiziwi, picha za kuthibitisha wewe si roboti, kalenda ya mausi, kidole cha mzee. Kila mahali palipowekwa njia moja tu ya kupita, kuna mtu amebaki nje na jina lake limeandikwa kwamba hakuja.

Sasa shirika linataka kuajiri maofisa ugani na mhasibu msaidizi, na mkurugenzi amesema maombi yatapokelewa kwa fomu ya mtandaoni. Aliniomba niipitie kabla haijafunguliwa. Niliipitia kwa kibodi peke yake, kisha nikamwomba mwenzetu mwenye ualbino, ambaye anakuza maandishi ili aone, aipitie kwa macho yake. Yeye aliyakuta maelezo ya kijivu juu ya weupe ambayo mimi nisingeyajua kamwe; miongozo inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na yale hayakukaribia. Rafiki yangu kiziwi alitupa sehemu ya mawasiliano: chini ya namba ya simu pawe na swali la kama tukupigie au tukuandikie. Kalenda bado haijaondolewa, nimeshatuma sauti yake. Sehemu ya kupakia vyeti inakubali picha iliyopigwa kwa simu, ila haimwambii mtu kwa maneno kama faili limefika. Hilo nalo limo kwenye orodha ya marekebisho niliyoyaomba.

Kuhusu swali la mahitaji ya siku ya usaili, nimeomba jambo moja zaidi na nimelisisitiza: karani atakayeyasoma majibu hayo atajwe kwenye mpango wa kazi, na aandikiwe siku ambayo kila mwombaji lazima awe amejibiwa. Mkurugenzi ameliafiki. Rafiki yangu ameshaandaa vyeti vyake, anasubiri tu fomu ifunguliwe.